Fundi wa Mashini Ishirini na Mbili

Ukimpelekea Fundi mashini, yaani kompyuta, iliyokufa, swali lake la kwanza halikuwa "inaumwa nini." Alikuuliza, "Ilipita njia gani?"

Ukisema ilitoka Kindu ndani ya lori, aliguna na kuchukua bisibisi ndogo. Ukisema ilikuja kwa mtumbwi wa Lualaba, alisogeza pua kwenye matundu ya nyuma akitafuta harufu ya kutu. Ukisema Salamabila, juu ya piki, imefungwa kwa mipira nyuma ya dereva, hakutaka kusikia mengine.

"Basi haiumwi. Imetikisika tu. Hata wewe, Mama, ungeshuka kwenye ile piki ungesahau jina lako."

Aliifungua ubavu, akachomoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu tunachokiita barete, akayasugua meno yake ya manjano kwa gome ya shule, ileile watoto wanayofutia hesabu walizokosea. Akapuliza. Akakirudisha mpaka kikalia na kusema ka! kushoto, ka! kulia. Akawasha. Mashini iliyokuwa ikilia mfululizo kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani ikatoa mlio mmoja mfupi, basi. Mlio mmoja ni afya. Akafunga. Wewe uliyekuja na wimbo mzima wa malalamiko ulibaki umeshika mdomo.

Mimi nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi karibu na soko la Kasongo. Nina mashini moja, printa moja, na kashe, yaani muhuri wenye jina la biashara yangu. Mji mzima unaniita Mama Kopi. Nahesabu kila kitu mara mbili: karatasi zinazoingia, karatasi zinazotoka, na maneno ya mtu anayeanza na "haki ya Mungu." Kwa hiyo ninachoandika hapa kumhusu Fundi nimekihesabu. Palipopungua, nitasema pamepungua.

Alizaliwa wapi, babu yake nani, sikuuliza. Nilijua tu kilichomleta. Mradi mmoja ulifungua ukumbi wa kufundishia vijana kompyuta, ukaleta mashini ishirini na mbili na yeye wa kuzitunza. Alikuja kwa miezi sita. Mke wake, mwenye mimba, alibaki Kalemie. Kabla miezi sita haijaisha mradi ukafungwa. Wakubwa wakapanda ndege, wakamwachia karatasi ya kusaini: mashini ishirini na mbili, skrini ishirini na mbili, ziko chini ya ulinzi wake mpaka atakapokuja wa kuzipokea. Akasaini jina lake lote, vizuri, kama mtu aliyesoma kwa mapadri.

Hakuja mtu.

Kwetu mtu hatoki kwenye kazi kama anavyotoka kwenye matanga. Kuna remiz-repriz. Anayeondoka anahesabu mali, anayepokea anahesabu tena, wote wawili wanasaini, kashe inapigwa. Mwalimu mkuu akihamishwa anakabidhi mpaka chaki. Usipofanya hivyo, mali ile inakufuata popote ikiwa imebeba jina lako. Fundi alijua hayo kuliko sote, kwa sababu alijaribu mara moja. Binti yake alipofika miaka minne, alifunga mlango akaenda Kalemie siku tisa. Aliporudi alikuta karatasi imebandikwa mlangoni na wito wa kujibu kwa nini alitoroka na mali ya mradi. Watu wa ofisi, sitasema ofisi gani, walihesabu wakapata ishirini na mbili. Wakamwachia. Ila mkubwa wao alimwambia kwa upole, na upole ndio uliomtisha: "Siku nyingine, Fundi, tutakufunga kwanza, tutahesabu nyuma."

Tangu siku hiyo hakupita kizuizi cha mwisho wa mji. Ukimwita kwenye harusi ya Lusangi, alijibu, "Siwezi. Niko na mali ya watu." Ukimwita kwenye mazishi ya ng'ambo ya mto, "Poleni sana. Niko na mali ya watu." Paroko alimwomba aende siku moja tu Kabambare kutazama mashini ya misheni. "Padri, leteni hiyo mashini. Mimi niko na mali ya watu." Tulimtania. Tulisema hata Mungu akimwita atajibu hivyohivyo, na Mungu itabidi atume mtu mwenye kashe.

Ukumbi wenyewe ulirudishwa kwa mwenye nyumba mapema. Fundi alihamia chumba kimoja nyuma ya msikiti, yeye na mashini zake. Zilipangwa ukutani kuta tatu, na kitanda kilikaa ukuta wa nne. Kila moja ilikuwa na namba kwa rangi nyeupe. Dirisha lilikuwa nyuma ya namba tisa mpaka kumi na mbili, kwa hiyo mwanga uliingia kwa mistari, na hewa iliingia kwa zamu. Ukiingia wawili, wa tatu alikaa nje. Mimi nikiwa ndani dakika kumi nilianza kuhesabu hatua za kufika mlangoni. Zilikuwa nne. Nilihesabu tena, nne. Yeye alikuwa humo miaka.

Kuhusu msikiti kuna jambo la kuchekesha. Adhana ikianza, Fundi aliinua mkono, akazima kila kitu, akasimama kimya akiwa ameinamisha kichwa. Waislamu wa mtaa wakasema mtu huyu moyo wake umeshafika, umebaki mwili. Wakatoliki wakasema ni heshima ya Mkristo aliyelelewa vizuri. Wakabishana miaka, na kila upande ulimletea chakula katika sikukuu zake. Siku moja nilimuuliza ukweli.

"Mama Kopi, mashini inasema ugonjwa wake kwa milio. Mmoja, nzima. Mirefu bila kukoma, barete. Mmoja murefu na miwili mifupi, picha. Sasa muadhini akiita, mimi nitahesabu nini?"

"Kwa hiyo si dini?"

"Niliwahi kusema ni dini?"

"Lakini pilau unakula."

"Pilau haina milio."

Alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini alinyamazisha na wengine. Kabla ya kuwasha, redio izimwe, simu iwekwe mfukoni, anayekohoa atoke. Alifumba macho. Baadaye ndipo angekuambia kama mashini yako imekufa au imelala. Alikuwa na msemo: "Anza na kamba, maliza na akili." Maana yake, tazama kwanza nyaya na vilivyochomekwa; wengi huanza na akili. Katibu wa shule moja alikuja anakimbia, jasho linamtoka mpaka kwenye tai, siku ya mwisho ya kutuma majina ya wanafunzi wa mwaka wa sita. Mashini inawaka, lakini inaandika kwamba haipati pa kuanzia. Amekwisha kuomba, amekwisha kuipiga, amekwisha kuwalaumu wachawi wa shule jirani.

Fundi hakushika hata bisibisi. Alizunguka nyuma, akachomoa flashi ya muziki wa kwaya iliyosahauliwa kwenye tundu. Akawasha. Ikafunguka.

"Ilikuwa inatafuta nyumba yake ndani ya kwaya," alisema. "Siku nyingine toa wageni kwanza, ndipo uamshe mwenye nyumba."

Katibu alitaka kucheka, akakumbuka majina, akakimbia.

Kupatana naye kulikuwa kama kupatana na mvua. Mimi nimepatana na wauza samaki wa Lualaba, na askari wa kizuizi, na mkwe wangu. Kwake nilishindwa. Alitaja bei moja, ukikataa alirudisha skrubu zote mahali pake, moja moja, akakukabidhi mashini yako ikiwa imekufa vilevile ilivyokuja. Nilihesabu skrubu zile. Hazikupungua hata siku moja. Hilo ndilo lilinifanya nimwamini, na ndilo baadaye lililonichanganya.

Kwa sababu kulikuwa na siku ya pedeje.

Pedeje ndivyo tunavyowaita wenye mashimo ya dhahabu. Huyu alitoka Salamabila, viatu vina vumbi jekundu, miwani ya jua ndani ya nyumba. Alileta mashini tatu alizonunua kwa ajili ya ofisi yake, zote zinalia bila kukoma. Mimi nilikuwa nimepeleka kibodi yangu, nikakaa mlangoni kutazama. Fundi aliuliza njia, akajibiwa piki, akatabasamu, akafungua ya kwanza. Tabasamu likafa. Alichomoa barete, akaielekeza kwenye mstari wa mwanga. Meno yake ya manjano hayakuwepo. Yalikuwa yamekwanguliwa mpaka ubao ukabaki kijani.

"Nani alifanya hii?"

"Vijana wangu," pedeje akasema, bila haya. "Walisema kuko dhahabu. Tukakwangua kwa wembe, tukatia kwenye asidi. Na kweli, Fundi, ilikuwa dhahabu!"

"Ngapi?"

Pedeje akakuna shingo. "Tuliweka njiti moja ya kiberiti upande mwingine wa mizani. Njiti ilishinda."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Fundi hakucheka. "Papa," alisema, "ile dhahabu haikuwa ya kutoa. Ilikuwa ya kugusana. Sasa kumbukumbu iko ndani, umeme uko ndani, lakini mashini haiioni. Umeipofusha."

Pedeje hakupenda neno hilo mbele ya mwanamke. Akavua miwani, akatazama kuta tatu, namba moja mpaka ishirini na mbili. Niliona anazidisha kichwani.

"Na hizi? Ziko na meno?"

"Hizi ni mali ya watu."

"Watu gani? Watu wenyewe wako wapi? Nitarudi na vijana wa kuzibeba, tutaulizana hukohuko Salamabila."

Fundi alisimama katikati ya pedeje na namba moja. Chumba kilivyokuwa kidogo, alikuwa amesimama juu ya miguu ya pedeje. Walitazamana. Kisha Fundi akasema kwa sauti ya dukani, "Rudi kesho kutwa. Zako zitakuwa tayari."

Kesho kutwa zilikuwa tayari. Mashini tatu, kila moja ina barete mbili. Mlio mmoja, mlio mmoja, mlio mmoja. Pedeje akaondoka anaimba, na vijana wa kubeba hatukuwaona. Mimi nikabaki na hesabu. Tatu mara mbili ni sita. Katoni la vipuri la Fundi nililijua kama ninavyojua kapu langu: lilikuwa na barete mbili, moja imevunjika pembe. Nilihesabu mara ya pili. Kisha nikafanya kama sijahesabu.

Halafu ikaja zamu yangu. Asubuhi moja mashini yangu iliwaka nusu, ikazima, ikawaka, ikaandika kwamba haioni diski. Humo ndani kulikuwa na kila barua niliyoandikia mji huu: maombi ya kazi, mashitaka ya mashamba, barua za wanaume wanaoomba msamaha na za wanawake wanaoukataa. Niliibeba kifuani kama mtoto mwenye homa. Fundi aliivua yote. Hiyo ilikuwa njia yake kwa ugonjwa asioujua: kutoa diski, kutoa printa, kutoa kila kamba, kuacha moyo na barete moja tu, kuwasha, kusikiliza. Ikiitika, unairudishia nguo moja. Unasikiliza tena.

"Watu wanavua zote na wanavaa zote mara moja," alisema. "Halafu hawajui ni suruali ipi ilikuwa na siafu."

Diski ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa sanduku la umeme: liliamsha ubao mkuu wa ndani, likachoka kabla ya kuifikia diski. "Iko hai," alisema, ameigusa kwa kidole, "lakini hakuna anayeiona. Hii ndiyo mimi, Mama Kopi." Alisema bila kunitazama. Kisha akaenda ukuta wa nyuma, akanipa mgongo, nikasikia skrubu. Aliporudi alikuwa na sanduku la umeme na barete mkononi. Sikuuliza vimetoka wapi. Mtu anayepokea hahesabu. Huo ndio udhaifu wa hesabu zangu.

Miaka minne iliyopita ofisi ileile iliyomwita ilibadilisha mkubwa, na mkubwa mpya alichoka kumwona Fundi na karatasi yake. Akamwambia: tafuta mtu yeyote mwenye kashe, apokee mashini, msaini, nenda zako. Fundi alizunguka mji. Misheni iliogopa. Shule iliogopa. Mwenye duka la dawa akasema kashe yake ni ya dawa. Akaja kwangu, akakaa kwenye benchi ya wateja, kofia magotini.

"Dada yangu, wewe uko na kashe. Na unahesabu vizuri."

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu nimeahidi kusema palipopungua. Sikukataa. Kukataa kungekuwa haki. Nilipatana naye. Nilisema ngoja mitihani ya taifa ipite, nina kazi nyingi. Mitihani ikapita. Nikasema ngoja nipate chumba cha kuziweka. Nikapata chumba, nikaweka mahindi. Nikasema ngoja mvua zikatike, zitalowa njiani, na njia yenyewe ni hatua mia mbili na kumi. Kila mara alisema, "Sawa, Mama," akarudi kati ya kuta zake tatu. Akiondoka yeye, nani angeamsha mashini yangu? Kutoka hapa mpaka Salamabila hapakuwa na mtu mwingine wa kusikiliza mlio. Nimewahi kuteremsha bei ya vitu vingi. Mtu huyu nilimteremsha miaka minne.

Mwaka huu alikuja na simu mkononi. Binti yake alikuwa ameposwa. Wakwe wangefika na mahari Jumamosi ya tatu, na walitaka kumwona baba.

Ulimi wangu ulishazoea. "Mjomba hawezi kupokea?"

Fundi akaweka simu kwenye benchi, picha juu. Msichana mrefu, paji la uso la babake.

"Mujomba amepokea kila kitu, Mama Kopi. Shule alipokea yeye. Ugonjwa alipokea yeye. Hata neno baba, mutoto alipoanza kusema, alipokea yeye. Nimwachie na hii?"

Nilizima printa. Ilikuwa inapiga kelele.

"Kesho asubuhi," nikasema. "Nitahesabu."

Nilifika na daftari. Nikaanza upande wa mlango, moja mpaka ishirini na mbili, nikarudi ishirini na mbili mpaka moja. Skrini vilevile. Nikamwambia zimetimia. Hakufurahi. Alifunga mlango, akachukua bisibisi, akafungua ubavu wa namba moja.

Ndani kulikuwa na hewa.

Si hewa tupu, ubao ulikuwepo. Lakini barete hazikuwepo. Namba mbili, vivyo hivyo. Namba tatu. Namba saba haikuwa na barete moja. Namba kumi na tano haikuwa na sanduku la umeme. Namba nyingine haikuwa na diski, nyingine imebaki na feni tu, nyingine hata kile kibetri cha duara kinachoikumbusha saa hakikuwepo.

"Ulihesabu masanduku mara mbili," alisema. "Ndani hukuhesabu hata mara moja. Miaka yote."

Nikakaa kitandani, kwa sababu hapakuwa na pengine. Akatoa daftari la shule chini ya mto. Kila kipande kilikuwa kimeandikwa, kwa mwandiko uleule wa mapadri. Kutoka namba tisa, diski, kituo cha afya. Kutoka namba kumi na nne, barete, kamati ya msikiti. Kutoka namba ishirini, kibetri, shule. Kutoka moja, mbili na tatu, barete sita, yule mwenye shimo.

"Hata yule?"

"Angebeba zote. Nilimpa meno, akaacha mdomo."

Nikaendelea kusoma. Kutoka namba saba, barete, kutoka namba kumi na tano, sanduku la umeme, Mama Kopi.

Barua zangu zote za miaka mingapi, nilikuwa naziandika juu ya mali ya watu.

"Mwanzo niliazima," alisema. "Nilisema nitarudisha kipuri kikifika. Vipuri havifiki, unajua. Na mashini ikikaa bila kuwashwa inakufa, Mama. Nizitunze zife zikiwa zimetimia? Au mji uandike?" Akasugua uso. "Sasa nikikabidhi, lazima niseme ukweli. Nikisema ukweli, wananifunga. Nikisema uongo, wanakufunga wewe. Nikitaka kurudisha, nitazima kituo cha afya. Hiyo ndiyo sababu sikukusukuma miaka ile. Ulifikiri wewe ndiye ulikuwa unanichelewesha?"

Ni kweli nilifikiri hivyo, na ni kweli nilikuwa namchelewesha. Hesabu mbili zilizotimia zote mbili.

Tulikwenda kibandani. Niliketi mbele ya mashini yangu, yenye kumbukumbu ya namba saba na nguvu ya namba kumi na tano, nikaanza kuchapa remiz-repriz. Nani anakabidhi, nani anapokea, idadi. Nikafika kwenye safu ya "hali." Yeye alikuwa akisoma juu ya bega langu.

"Andika 'mbovu,'" alisema.

"Si mbovu."

"Andika 'nzuri' basi, tufe wote."

"Fundi, hapa si kwako. Hapa ni kwangu, na hapa tunapatana."

Nikafikiri kama ninavyofikiri ninaponunua samaki mwishoni mwa soko, wakati muuzaji anataka kwenda nyumbani na mimi nataka kula, na wote tunajua. Kisha nikaandika: *Mashini ishirini na mbili. Hali: zinafanya kazi mjini, kama daftari lililoambatanishwa linavyoonyesha.*

Akasoma. Akasoma tena, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya jambo mara mbili. Kicheko kilimtoka puani.

"Hiyo si uongo."

"Si uongo."

"Wakija kuuliza?"

"Wakija wataniuliza mimi. Nitawapeleka kituo cha afya, wamwambie daktari azime."

Alisaini. Nikasaini. Nikapiga kashe nakala tatu, kila moja mara mbili, maana wino wa kwanza ulikuwa hafifu. Yeye alichukua nakala moja, akaikunja ndogo, akaiweka ndani ya soksi kama mtu anayepita vizuizi vingi.

Siku mbili baadaye, mashini zote zikiwa zimeshahamia chumba changu cha mahindi, nilimsindikiza kwenye kituo cha piki. Jua lilikuwa limeshakausha barabara. Alikuwa na mkoba mmoja na shati jipya ndani ya nailoni, la kupokelea wakwe. Pale nje alionekana mfupi. Nadhani nilizoea kumwona katikati ya kuta. Alinikabidhi ile gome ya kusugulia barete. Ilikuwa imebaki nusu, nyeusi pembeni.

"Anza na kamba," akasema.

"Nimalize na akili. Najua. Unapita njia gani?"

Alinitazama, akaelewa ninachouliza, akacheka. "Lusangi, Kabambare, mbele huko mpaka ziwani."

"Itakutikisa."

"Inisahaulishe kidogo. Nitafika wataniuliza jina, nitasema baba."

Akapanda. Dereva akapiga stata mara moja, ya pili ikashika. Fundi hakugeuka kutazama nyuma, alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili, kama mtu ambaye hajapanda kitu miaka mingi. Piki ikashuka mteremko, ikafika kizuizi. Niliona wakimsimamisha. Nilimwona akiinama kwenye soksi. Nikaanza kuhesabu. Nilifika thelathini na moja, kamba ikateremshwa, vumbi likapanda, akawa hayupo.

Dereva wa pili, kijana ninayemwandikia barua zake za uchumba, alisogeza piki yake mpaka miguuni mwangu.

"Mama Kopi, mbona umesimama kama nguzo? Panda, nikupeleke umsindikize. Hata mpaka Lusangi tu, ule samaki, urudi kesho. Tangu lini hujatoka hapa?"

Nilitaka kupanda. Niliinua hata kitenge kidogo, mguu ulikuwa tayari. Nikafungua mdomo kumwambia twende, na sauti iliyotoka niliifahamu kabla haijaisha.

"Siwezi, mwanangu. Niko na mali ya watu."